Sanbalati Alituma Wajumbe Mara Nne

Somo: Nehemia 6:1-19

 

Mafundisho ya Waraka kwa Waefeso tutayaendeleza mwezi ujao. Mwezi huu tumeona ni lazima tuseme juu ya jambo linaloumiza nyumba zetu kimya kimya. Katika muda mfupi familia tatu zimekuja kwa wazee wa kanisa. Baba mmoja aliuza mabati ya nyumba yake, watoto wakalala chini ya turubai wakati wa mvua, kwa sababu mtu alimwahidi kwamba jina lake litaingizwa kwenye orodha ya kwenda Kanada. Mama mmoja alitoa pesa ya mgao wa miezi miwili kama sadaka kwa nabii aliyemwambia kwamba kuna mtu wa ukoo anayemfungia njia. Familia ya tatu haikupoteza pesa nyingi kwa mara moja, lakini kwa miaka mitatu imekuwa ikimlisha mtu mmoja mwenye nguvu zake zote, na haithubutu kumwambia basi. Tulipowasikiliza wote tuliona kwamba ni ugonjwa mmoja.

Hatusemi juu ya mwizi. Mwizi huvunja usiku, huchukua, huenda. Tunasema juu ya mtu wa hila, yule ambaye hakushikii panga wala bunduki, bali anaisoma haja yako, hofu yako au shukrani yako, kisha anaivuta polepole mpaka wewe mwenyewe unatoa kwa mkono wako. Ndiyo maana waliopatwa na jambo hili wanaona haya kulisema. Wanatuambia, "Nilitoa mwenyewe, baba mchungaji, nitamshtaki nani?"

Tumfuate Nehemia. Alikuwa Myahudi wa uhamishoni, mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, akapewa ruhusa kwenda Yerusalemu kujenga ukuta uliobomoka. Hiyo ilikuwa karibu mwaka 445 kabla ya Kristo. Adui zake, Sanbalati, Tobia na Geshemu Mwarabu, kwanza walimcheka. Halafu walitaka kuja na vita, lakini watu walijenga mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine ukishika silaha. Tunapofika sura ya 6 ukuta umekwisha kuzibwa, imebaki milango tu. Hapo ndipo adui wanabadilika. Hawaleti tena matusi. Wanaleta mwaliko. Wanamwomba aje wakutane katika kijiji kimoja cha nchi tambarare ya Ono.

Ono ilikuwa mbali na Yerusalemu, upande wa Lodi. Kama walikuwa na neno jema la kumwambia, kwa nini wasilisemee pale ukutani, mbele ya ndugu zake? Nehemia alilitambua hilo mapema. Walitaka kwanza kumtenga na watu wake.

Sasa sikieni maneno ya dalali wa kesi hapa kwetu. "Usimwambie mtu. Nafasi zimebaki mbili. Kesho saa nne orodha inafungwa. Nakupendelea wewe kwa sababu naona watoto wako wanavyoteseka. Tuma sasa hivi kwenye namba hii." Wapendwa, kila neno hapo lina kazi yake. Aliposema usimwambie mtu, alikuita Ono, mbali na mume wako au mke wako, mbali na mzee wa kanisa ambaye angekuuliza swali moja tu na jambo lote likaanguka. Aliposema kesho saa nne, alikunyima usiku wa kufikiri na kuomba. Na aliposema nakupendelea wewe, alikufanya uone haya kumwomba jina lake kamili, kana kwamba ukiuliza unamtukana.

Tuseme wazi yale tunayoyajua, ili mtu asije akasema kanisa lilinyamaza. Huduma za UNHCR na za washirika wake hazilipiwi. Kuandikishwa hakulipiwi, fomu haziuzwi, mahojiano hayauzwi, safari ya kupelekwa nchi ya tatu haiuzwi. Ule mkopo wa tiketi ambao ndugu zetu waliokwenda Marekani walitia sahihi kupitia IOM hulipwa baada ya kufika na kuanza maisha, haulipwi hapa kwa mtu wa simu. UNHCR hupendekeza familia kwa kuangalia hatari iliyo nayo na uhitaji wake, kisha nchi inayopokea huhoji na kuamua yenyewe. Duniani kote, wanaopata nafasi hiyo kwa mwaka hawafiki mkimbizi 1 kati ya 100. Ni neno gumu kusikia, tunajua. Lakini dalali anaishi kwa sababu sisi tunalikataa neno hilo.

Mnakumbuka mwaka 2025. Tarehe 27 Januari, siku ile ile M23 walipoingia Goma, ndiyo siku ambayo amri ya Marekani ya kusimamisha kupokea wakimbizi ilianza kufanya kazi. Watu waliokuwa wamekwisha pimwa afya walirudi kwenye nyumba walizokuwa wamewagawia majirani. Tulidhani madalali watakosa kazi. Kumbe waliongezeka! Walisema mlango wa mbele umefungwa lakini wao wanaujua mlango wa nyuma. Mtu wa hila hapendi kitu kama mlango uliofungwa, maana mbele ya mlango uliofungwa watu huacha kuuliza maswali.

Wengine wanatuambia, "Lakini huyu anafanya kazi ndani, nimeona kitambulisho chake shingoni." Tunawajibu kwa jambo lililotokea Nairobi. Mwaka 2001 Umoja wa Mataifa ulifanya uchunguzi huko, na ripoti iliyotoka mwaka 2002 ilionyesha kundi lililowauzia wakimbizi nafasi kwa maelfu ya dola, na baadhi ya watu wa kundi hilo walikuwa wafanyakazi wa ofisi yenyewe. Kwa hiyo kitambulisho si sababu ya kumpa mtu pesa. Kama anacho na bado anaomba pesa, ndiyo sababu ya kwenda kumshitaki haraka zaidi.

Kuna na hila ya pili kwenye mambo ya kesi, nayo ni ya machozi. Mtu anakuja kwa familia yenye kesi na kusema, "Niandikeni kama mtoto wenu, hamtapoteza kitu, mtaokoa roho moja." Inasikika kama neno la Injili. Lakini mwaka 2008, baada ya vipimo vya vinasaba vilivyoanzia Nairobi kuonyesha kwamba wengi walioandikwa kuwa ndugu hawakuwa ndugu wa damu, Marekani ilisimamisha njia yake ya kuunganisha familia za wakimbizi, na haikufunguliwa tena mpaka mwaka 2012. Fikirini mama wa kweli aliyekuwa akingojea mtoto wake wa kweli miaka hiyo yote. Huyo ndiye aliyelipa. Huruma inayotaka uandike uongo kwenye karatasi, uichunguze vizuri inatoka wapi.

Turudi kwa Nehemia. Mara ya tano Sanbalati alimtuma mtumishi wake na barua isiyofungwa. Barua wazi, ili kila mtu njiani aisome! Ndani yake aliandika kwamba mataifa wanasema Nehemia anataka uasi na kujifanya mfalme, basi njoo tushauriane. Hii tunaijua wote: "Watu wanasema vibaya juu yako, mimi nataka tu kukusaidia." Ukiuliza ni watu gani, hawana majina. Nehemia alijibu kwa maneno machache kwamba mambo hayo hayapo, umeyatunga moyoni mwako. Hakuzunguka zoni kwa zoni kujitetea. Akaomba Mungu amtie mikono yake nguvu, akaendelea na kazi.

Ya tatu ni nzito zaidi, na hapa tunajisemea sisi wenyewe tunaosimama madhabahuni. Adui walipoona barua haikufaa, walikwenda kumkodi nabii. Shemaya mwana wa Delaya alikuwa amejifungia nyumbani mwake. Alimwambia Nehemia kwamba wanakuja usiku kumwua, basi waingie pamoja ndani ya hekalu na kufunga milango. Lilikuwa neno la kiroho, katika mahali patakatifu, kutoka kwa mtu aliyejulikana kuwa nabii. Nehemia alitambuaje kwamba Mungu hakumtuma? Neno lile lilimtia hofu na kumtaka atende dhambi, maana yeye hakuwa kuhani wa kuingia mahali pale. Baadaye ikajulikana kwamba Tobia na Sanbalati walikuwa wamemlipa.

Hatukatai unabii. Kanisa letu linaamini kwamba Roho wa Mungu husema. Lakini njaa imefungua milango mingi. Mwaka 2020 mgao wa chakula hapa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi, wengine wakapunguziwa sana na wengine wakaondolewa. Tangu wakati huo tumeona watu wenye mafuta na vitambaa wanaokuja siku ile ile ya mgao. Siku nyingine za mwezi hawaonekani. Je, malaika wao anajua kalenda ya WFP? Someni 2 Wafalme 5. Elisha alikataa zawadi zote za Naamani. Ni Gehazi, mtumishi wake, aliyemkimbilia Naamani nyuma na kutunga kwamba vijana wawili wa manabii wamefika, maskini, wanahitaji talanta ya fedha na mavazi. Alitumia jina la bwana wake na shida ya watu ambao hawakuwapo. Naamani, kwa moyo mwema wa mtu aliyepona, akatoa mara mbili ya fedha aliyoombwa. Watu waliotoka tu kupokea rehema ni wepesi kutoa, na Gehazi alilijua jambo hilo.

Basi mchungaji, nabii, hata sisi tunaoandika gazeti hili, akikuambia kwamba Mungu amemwonyesha adui katika ukoo wako, na kwamba usimwambie mume wako, na kwamba utume kitu kabla ya jua kuzama, wewe mlete mtu huyo mbele ya wazee. Kama neno ni la Mungu litasimama hata likisikiwa na watu kumi.

Tunafika kwenye lile ambalo hatulisemi kanisani kwa sababu linatuumiza. Angalieni mwisho wa sura, mstari wa 17 mpaka wa 19. Tobia alikuwa mkwe wa Shekania, na wakuu wengi wa Yuda walikuwa wamemwapia. Walikuwa wakiandikiana naye barua, na mbele ya Nehemia walisifu matendo mema ya Tobia. Tobia hakuwa mgeni. Alikuwa mtu wa nyumbani mwenye kumbukumbu za wema.

Ile familia ya tatu tuliyoitaja mwanzo ilivuka Bunagana mwaka 2022. Wakati wa kukimbia, mama alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na baba alikuwa ametengana nao. Mwanamume mmoja wa kijiji chao alimbeba mtoto wa tatu mpaka Nyakabande. Ni wema wa kweli, na Mungu ameuona. Lakini tangu hapo mtu huyo anakula kwao, anachukua sehemu ya pesa ya mgao, anaamua nani aoe nani aolewe, na kila wanapositasita anasema sentensi moja: "Nani alimbeba mtoto wenu?" Sasa anamtaka binti mkubwa, mwenye miaka kumi na sita, awe mke wake.

Wapendwa, wengi wetu tuna deni la njiani. Kuna aliyetupa maji, kuna aliyetuficha chini ya kitanda, kuna aliyetulipia mtumbwi. Asiye na shukrani ni mtu mbaya, na wazee wetu walitufundisha hivyo. Mtu wa hila anajua kwamba tulifundishwa hivyo, naye anaingilia hapo.

Someni waraka wa Paulo kwa Filemoni, ni sura moja tu. Paulo alimwombea Onesimo. Alikuwa na haki ya kumwagiza Filemoni, lakini alisema kwamba anamsihi kwa upendo, na kwamba hataki kufanya kitu bila shauri lake, ili wema wake usiwe wa kulazimishwa. Msomaji makini ataona kwamba hata Paulo, mstari wa 19, aligusia kidogo kwamba Filemoni ana deni kwake. Hatutaficha hilo. Lakini aliligusia katika barua iliyoandikiwa pia kanisa lililokutana nyumbani mwa Filemoni, siyo sikioni mwake peke yake. Hakujiombea mali. Tena aliahidi kwa mkono wake mwenyewe kulipa hasara yote. Weka wema wa mtu wako karibu na barua hiyo, uone kama vinafanana. Anaomba mbele ya watu au gizani? Ukimwambia hapana, anabaki ndugu yako, au anageuka siku hiyo hiyo?

Kwa familia hiyo, wazee walikaa na pande zote mbili chini ya mti, mbele ya majirani waliovuka pamoja nao. Mtu yule alishukuriwa waziwazi kwa kumbeba mtoto. Alipewa jogoo na kitenge, kwa heshima. Halafu akaambiwa kwamba deni hilo limekwisha, na kwamba binti hataolewa na yeye, kwa sababu binti si malipo na sheria ya Uganda haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuolewa. Alikasirika sana. Amepita akisema kanisa limeharibiwa na mambo ya mashirika. Baba wa familia alitaka kwenda kumweleza tena, labda aelewe. Tulimwambia asiende.

Hapo ndipo Nehemia anatusaidia zaidi. Neno linasema walituma kwake mara nne vivyo hivyo, naye akawajibu mara nne vivyo hivyo, kwamba ana kazi kubwa na hawezi kuiacha ashuke kwao. Hakuongeza sababu mpya mara ya pili. Hakuboresha jibu mara ya tatu. Wengi wetu tunashindwa hapo. Tunasema hapana mara ya kwanza, mara ya pili tunaeleza, mara ya tatu tunaomba radhi, mara ya nne tunatoa nusu. Kila maelezo unayompa mtu wa hila anayageuza kuwa mlango. Ukisema huna pesa, atakuambia kopa. Ukisema mume wako hayupo, atakuambia ndiyo nafasi nzuri. Mwambie tu, "Hapana, ndugu yangu," na kesho mwambie vile vile. Kwa Kiswahili chetu inasikika kama ukali, lakini si ukali.

Wengine watauliza juu ya kusamehe. Samehe, ndiyo, hata mara sabini mara saba. Lakini Nehemia, ambaye hatusomi kwamba alimlipiza Sanbalati kisasi, hakwenda Ono hata siku moja. Kumsamehe aliyekula mabati yako hakukulazimishi kumpa namba yako ya siri ya simu.

Tena tusigeuke watu wa kumshuku kila anayebisha hodi. Usiku huu kuna anayefika kutoka Masisi au Rutshuru akiwa na njaa ya kweli, na atakuja mlangoni mwako. Mpe chakula. Mwenye njaa ya kweli anapokea sahani mbele ya watu wote, wala hasemi usimwambie mtu.

Ukuta ulimalizika kwa siku hamsini na mbili, tarehe 25 ya mwezi wa Eluli, pamoja na barua zote zile.

Kila Alhamisi baada ya maombi ya mchana, wazee wawili na mama mmoja wa idara ya wanawake watakaa nyuma ya kanisa. Mwenye ujumbe kwenye simu, karatasi aliyopewa atie sahihi, au unabii uliomnyima usingizi, aje nao kabla hajatoa kitu. Waliokwisha toa pia waje, hakuna atakayewacheka. Anayetaka kumshitaki dalali tutamsindikiza mpaka ofisi ya ulinzi au polisi, na kwenye ofisi za UNHCR kuna sanduku la malalamiko ambalo hulazimiki kuandika jina lako. Msiwalete watoto wadogo siku hiyo kama inawezekana, maana benchi ni mbili tu.